Jopo la watoto: nilivyowaachia wenyewe waamue filamu na gemu bora

Tuzo nyingi za vipindi, filamu na gemu za watoto huamuliwa na watu wazima. Hilo lenyewe si baya, maana yapo mambo ambayo mtoto hana namna ya kuyapima: bajeti ndogo iliyotumika vizuri, uhariri wa subira, au ujasiri wa kituo cha televisheni kurusha kipindi kinachozungumzia msiba kwa watoto wa miaka mitano. Lakini mtazamaji mwenyewe asipoulizwa hata mara moja, tuzo inabaki kuwa pongezi za wakubwa kwa wakubwa wenzao. Mimi nasimamia kikundi cha watoto wanaokutana mwisho wa wiki kusoma na kutazama filamu, na kwa muda mrefu nilitamani siku moja waamue wao. Nilifanikiwa, na sasa ni jambo letu la kila mwaka. Naeleza nilivyofanya, kwa ajili ya yeyote mwenye watoto, projekta na hamu ya kujaribu.

Kwanza nilisoma jinsi wengine wanavyofanya. Mjini Munich, Ujerumani, kuna Prix Jeunesse, tamasha na tuzo ya vipindi vya televisheni vya watoto, iliyoanza mwaka 1964 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Watengenezaji wa vipindi vya watoto kutoka nchi nyingi hukaa ukumbini, hutazama vipindi kwa pamoja, hujadiliana kwa vikundi, na wao ndio hupiga kura. Vipengele vimepangwa kwa umri: hadi miaka 6, miaka 7 hadi 10, na miaka 11 hadi 15. Kwao nilichukua mambo mawili, mgawanyo wa umri na mjadala wa ana kwa ana. Huko Giffoni Valle Piana, mji mdogo wa kusini mwa Italia, tamasha la filamu lililoanza mwaka 1971 huwakalisha watoto na vijana kwenye viti vya waamuzi, kila rika na kundi lake, wadogo kabisa wakiwa na miaka 3. Tamasha la filamu la Berlin nalo lilianzisha sehemu ya filamu za watoto mwaka 1978, na jopo la watoto hutoa tuzo ya Dubu wa Kioo pamoja na maelezo ya kwa nini wameichagua filamu ile. Maelezo hayo ndiyo yaliyonivutia kuliko dubu mwenyewe.

Upande wa gemu, mfano ulionisaidia zaidi ni tuzo ya Ujerumani iitwayo TOMMI, iliyoanza mwaka 2002. Wataalamu huchuja, kisha watoto huzijaribu gemu zile katika maktaba za umma na kutoa uamuzi. Nikauchukua utaratibu huo hata kwa filamu: mkubwa achuje, mtoto aamue. Watoto hawawezi kutazama kila kitu, na si kila kitu kinafaa wakitazame.

Katika kuchuja, orodha za tuzo kubwa zilinifaa sana, na ushauri wangu ni kusoma orodha ya walioteuliwa kabla ya kumtazama mshindi. Uingereza, BAFTA, taasisi inayotoa tuzo za filamu na televisheni, iliwapa watoto hafla yao wenyewe mwaka 1996. Marekani walichelewa: Emmy, yaani tuzo za televisheni, za watoto na familia zilipata hafla yake ya kwanza Desemba 2022, na kabla ya hapo vipindi vya watoto vilikuwa vikishindania nafasi ndani ya tuzo za vipindi vya mchana. Emmy za kimataifa za watoto, zilizoanza kutolewa mwaka 2013, ndizo nilizozipekua zaidi kwa sababu zinaleta kazi za nchi ambazo majina yake huyaoni kwenye menyu za kawaida za katuni. Mara nyingi mshindi ni kazi ambayo kila mtu ameshaiona. Aliyeteuliwa akakosa ndiye anayekupa kitu kipya.

Nilibaki na filamu fupi tano na gemu nne. Kuhusu ruhusa: kuonyesha filamu mbele ya kikundi si sawa na kuitazama na wanao sebuleni, haki miliki ni ya watu. Niliwaandikia watayarishaji barua pepe fupi nikitaja idadi ya watoto, umri wao, kwamba hakuna kiingilio, na kwamba hatutarekodi wala kuisambaza nakala. Waongozaji wa filamu fupi walijibu upesi na kwa furaha. Makampuni makubwa yana njia ndefu zaidi, kwa hiyo kama ndiyo unaanza, anza na filamu fupi. Gemu nilizinunua za kawaida. Na hapa niwatahadharishe wazazi: alama ya umri, kama ile ya PEGI inayotumika Ulaya tangu 2003 yenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18, inakwambia tu kama maudhui yanafaa umri huo. Haisemi gemu ni nzuri, wala haisemi mtoto wa umri huo ataimudu.

Tatizo la kwanza la kweli lilikuwa lugha. Filamu zilikuwa za lugha tofauti, na mtoto wa miaka saba anayefukuzana na maandishi ya chini ya skrini haioni picha. Tukafanya kama Berlin, ambako filamu za watoto husomewa papo kwa papo ukumbini. Niliandika tafsiri ya maneno yote, nikakaa kiti cha nyuma na kipaza sauti na taa ndogo ya kusomea, nikawa nasoma. Nilifanya mazoezi mengi nyumbani, na mazoezi hayo yalinifundisha kwamba kazi ni kusoma, si kuigiza. Unaanza nusu pumzi baada ya mwigizaji ili sauti yake isikike kwanza, halafu unapita juu yake kwa utulivu. Akicheka, nyamaza. Akilia, nyamaza. Kicheko na kilio havihitaji mkalimani. Dakika chache tu baada ya kuanza watoto walikuwa wamenisahau kabisa, nikajua nimeipata.

Wakati wa kutazama sikuwaangalia nyuso, niliangalia miguu. Mtoto anaweza kukuangalia usoni na kukwambia filamu ni nzuri kwa sababu anadhani ndicho unachotaka kusikia, lakini miguu ikianza kubembea na kugonga kiti, hadithi imelegea. Niliandika dakika. Baadaye nililinganisha dakika hizo na walichosema, na karibu kila mara vilikubaliana.

Taa zilipowaka hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza. Kila mmoja alipewa karatasi na penseli achore kitu kimoja anachokikumbuka. Utaratibu huu ndio ninaoutetea kuliko mwingine wowote, kwa sababu bila huo mtoto mwenye sauti kubwa anasema neno la kwanza na wengine wanamfuata. Ukishachora una kitu chako mkononi, na ni vigumu kukikana. Katika filamu moja isiyo na maneno, kuhusu msichana anayevuka mto ili kumfuata mbuzi wake, watoto kadhaa walichora kamba. Mimi kamba hata sikuiona. Tulipoirudia sehemu ile, kumbe kamba ilikuwa imekatika tangu mwanzo na mwongozaji aliionyesha kwa muda mfupi sana. Wao walijua tangu hapo kwamba mbuzi atapotea. Mimi nilishtuka pamoja na msichana.

Maswali nayo yana siri yake. "Umeipenda?" ni swali lililokufa, jibu lake ni "ndiyo" na mjadala umekwisha. Nililiacha. Niliuliza: ulitaka kuondoka wapi? Nani ungemwondoa kwenye hadithi? Mdogo wako angeogopa sehemu gani? Swali hili la mwisho linafanya maajabu, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa hatakubali kwamba yeye aliogopa, ila yuko tayari kukueleza kwa kirefu alichoogopa mdogo wake.

Gemu hazipimwi hivyo. Filamu inatazamwa na wote kwa mara moja, gemu inabadilika kulingana na anayeicheza. Niliwaweka wawiliwawili: mmoja anacheza, mwenzake anatazama na kuandika pale anapokwama, halafu wanabadilishana. Mimi nilikatazwa kusaidia, na walinikumbusha kila nilipoinua mkono. Baada ya siku kadhaa walizicheza tena zilezile. Awamu hii ya pili ndiyo iliyopindua matokeo. Gemu moja yenye rangi nzuri na muziki mtamu ilikuwa inaongoza, lakini kwenye marudio ilianza kuwasimamisha: subiri mpaka mmea ukue, au lipa uendelee. Msichana mmoja alikuja kwangu akiwa amekunja uso. "Anti, hii inanisubirisha makusudi." Nikamwuliza amejuaje. "Kwa sababu mwanzo ilikuwa hainisubirishi." Aliirudia hoja hiyo mbele ya jopo zima, na gemu ile ikaporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Sijasoma uchambuzi wa mtu mzima uliolieleza tatizo hilo kwa maneno machache hivyo.

Kura ilikuwa ya siri na ya kupanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila nafasi na alama zake. Kura ya jina moja tu inaipa ushindi kazi yenye mashabiki wachache wakali, wakati kazi inayopendwa na wote kwa nafasi ya pili inapotea bure. Watoto wakubwa ndio waliohesabu, nikiwa nimekaa pembeni.

Filamu niliyoiombea kimoyomoyo haikushinda. Ilikuwa nzuri mno, taratibu, yenye mwanga wa kupendeza. Waliiheshimu wakaipa nafasi ya tatu. Iliyoshinda ni ile ya msichana na mbuzi, na kazi ngumu kuliko zote ikafuata: kuandika maelezo ya sababu. Hapo walibishana kuliko wakati wote uliotangulia. Mmoja alitaka waandike "inafundisha ujasiri". Mwingine akakataa kabisa, akasema filamu haikumfundisha kitu, ilimwonyesha tu. Walifuta, wakaandika, wakafuta. Nilitamani sana kuwapa sentensi, nikajizuia. Mwishowe waliafikiana hivi: "Tunaipa tuzo filamu hii kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekuja kumwokoa, na yeye hakulia ili aje." Nilimtumia mwongozaji maelezo hayo kama yalivyo, bila kubadilisha hata mkato, pamoja na picha za kamba walizochora. Alijibu kwamba kamba ile wenzake walimshauri aikate wakati wa uhariri kwa kuwa hakuna atakayeiona.

Mwaka huu naongeza kipengele cha vipindi vya televisheni, kwa sababu watoto wenyewe wamekidai. Kipindi kina sehemu nyingi, kwa hiyo tumekubaliana kutazama sehemu mbili zisizofuatana ili tujue kama ubora unadumu. Waamuzi wapya nawachagua kwa kusoma karatasi zao za mwaka jana, na sitafuti aliyeandika vizuri, natafuta aliyeona kitu ambacho wengine hawakukiona. Waliovuka miaka 12 wamehamia kwenye kuchuja pamoja nami. Tayari wamezikataa kazi mbili nilizozipendekeza, na wameniletea sababu zao kwa maandishi.