Milroe, Auburn na Safari ya Havana

Hapa Kampala tuko wachache tunaofuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, na wengi wetu tuliuingia kupitia raga ya uwanja wa Kyadondo. Wengine walivutwa na jina la Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeichezea Boston College kabla ya kuchukuliwa na New York Giants, timu ya ligi ya kulipwa, mwaka 2006. Mimi nashabikia timu ya Chuo Kikuu cha Alabama. Rafiki yangu mkubwa katika kundi hili, daktari aliyesomea Mbarara, anashabikia Auburn, mahasimu wetu wa jadi, na Desemba tunasafiri pamoja kwenda Kuba. Tangu tukate tikiti, kila tukikaa kupanga safari, mazungumzo hurudi kwa Jalen Milroe.

Milroe amekwishaondoka chuoni na kuchukuliwa na Seattle ya ligi ya kulipwa, lakini misimu yake miwili kama kwotabeki wa Alabama bado inatugawa. Kazi ya kwotabeki ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Yeye huupokea mpira mwanzoni mwa jaribio, na ndani ya sekunde chache lazima aisome safu ya ulinzi, kisha aamue kama ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe, huku majitu yenye kilo zaidi ya 120 yakimjia. Milroe alikuwa na mbio ambazo makwotabeki wachache wanazo, na mkono wa kufikisha mpira mbali. Kilichomsumbua ni kwamba kiwango chake, kama asemavyo daktari, kilipanda na kushuka kama homa ya vipindi.

Ushahidi wa daktari ni mzito. Septemba 2023 Milroe alirusha pasi mbili mikononi mwa walinzi wa Texas, Alabama wakafungwa 34-24 nyumbani kwao Tuscaloosa, na wiki iliyofuata kocha Nick Saban akamweka benchi dhidi ya South Florida. Waliojaribiwa badala yake hawakufua dafu, ingawa timu ilishinda 17-3, akarudishiwa namba. Novemba 25 mwaka huohuo, ugenini kwa Auburn, Alabama wakiwa nyuma 24-20 na chini ya dakika moja ikiwa imesalia, alikabiliwa na jaribio la nne, yaani la mwisho, yadi 31 kutoka mstari wa goli. Auburn waliwatuma watu wawili tu kumfuata na kuwarudisha karibu wengine wote nyuma. Milroe alisimama, miguu imetulia, macho yako mbele, akasubiri hadi Isaiah Bond alipofika kwenye kona ya nyuma ya eneo la goli, ndipo akaurusha. Bond akaudaka, 27-24. Daktari huyu aliyezoea kupokea habari mbaya za wodini bila kutikisika hakupokea simu yangu siku iliyofuata.

Mwaka 2024 Saban alikuwa amestaafu na Kalen DeBoer ameshika timu. Mchezo dhidi ya Georgia, Septemba 28, ulianza saa nane na nusu usiku wetu, na hakuna aliyejutia usingizi wake: Alabama waliongoza 28-0, wakapitwa 34-33, kisha Milroe akampigia Ryan Williams, kijana wa miaka 17, pasi iliyozaa yadi 75, wakashinda 41-34. Usiku ule alirusha yadi 374 na kukimbia yadi 117. Wiki moja baadaye Vanderbilt, timu ambayo haikuwa imeifunga Alabama tangu 1984, iliwapiga 40-35. Novemba 23 Oklahoma wakawafunga 24-3, Milroe akinaswa pasi tatu, na mwishowe Alabama wakakosa nafasi katika mtoano wa timu 12 wa kuwania ubingwa.

Hapo ndipo tunapoachana. Daktari anaiweka michezo ya Vanderbilt na Oklahoma katika kapu moja, nami nakataa kabisa. Dhidi ya Vanderbilt pasi iliyonaswa na kurudishwa hadi golini ilikuwa imeguswa njiani kabla ya kufika, na ni kweli kwamba baadaye alipokonywa mpira, lakini bado alirusha yadi 310. Kilichoiua Alabama ni walinzi walioshindwa kuwaondoa wapinzani uwanjani. Vanderbilt walikaa na mpira dakika 42 kati ya 60. Kumtupia lawama kwotabeki ambaye theluthi mbili ya mchezo yuko pembeni amevaa kofia ni kumwonea. Oklahoma ni habari nyingine. Pale walimfungia ndani, wakaziba njia za kukimbilia pembeni, wakamlazimisha kusimama na kusoma. Alipobanwa hivyo, macho yake yalishuka kutoka kwa wapokeaji hadi kwa wanaomkaba, miguu ikaanza kuchezacheza, na pasi zikatoka kabla hajaona anakozipeleka. Kwa hiyo sikubali dai la daktari kwamba Milroe alipanda na kushuka bila sababu. Mbio zake zikihofiwa, njia za pasi za juu zilifunguka. Mbio zikizibwa, alibaki na nusu ya silaha zake, na kocha anayejua hivyo hapaswi kumpeleka mara kwa mara kwenye jaribio la tatu lenye yadi nyingi zilizobaki, ambapo kukimbia hakutoshi.

Safari yenyewe ilizaliwa na deni la heshima. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989, kimefundishwa na madaktari wengi kutoka Kuba, na mwalimu mmoja aliyemlea daktari wangu sasa amestaafu na anaishi Havana. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziko tayari, fedha taslimu tunazibadilisha, na kwa kuwa mwezi Oktoba 2024 umeme ulikatika nchi nzima ya Kuba, tunabeba taa na betri.

Lakini daktari ana ziara ya pili moyoni, nayo ni uwanja wa La Tropical. Januari 1, 1937 Auburn na Villanova walicheza pale Bacardi Bowl, yaani mchezo wa heshima wa baada ya msimu, wa kwanza wa aina hiyo katika historia ya Auburn, wakatoka sare ya 7-7. Auburn walipata alama zao kwa mbio za yadi 40 za Billy Hitchcock, na Villanova wakasawazisha baada ya kuzuia mpira uliopigwa teke. Daktari anaupenda mchezo ule kwa sababu hakuna mrusha pasi aliyebebeshwa lawama. Mimi namwambia, "Daktari, siku zile mchezaji yuleyule alishambulia na kulinda, ungemlaumu nani?" Hajanijibu bado.

Kwa kuwa hatuutegemei mtandao wa kule, nimeihifadhi michezo mitatu ambayo Alabama walifungwa kwenye kompyuta, Texas, Vanderbilt na Oklahoma, na tumekubaliana kuipitia pasi kwa pasi tukiwa Havana. Tutaanza na Vanderbilt, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo.