Unamrudisha wapi?

Jumanne nilimtoa samaki mmoja, trauti, mto Naro Moru, na hadi leo sijatulia. Wala si kwa ukubwa wake, maana hakufika hata shibiri moja na nusu. Ni shosho mmoja, bibi mzee, aliyekuwa akichota maji kwa kikombe, akijaza mtungi wa lita 20, palepale ambapo mwaka juzi nilikuwa nikisimama maji yakinifika kiunoni. Misimu minne sasa mvua inatukwepa, na mto umebaki mawe meusi na vidimbwi.

Nilimtoa ndoana, nikamshika mkiani, kichwa nikakielekeza yanakotoka maji apumue kidogo, vile Baba alinifunza. Shosho akaacha kuchota.

"Kwani humli?"

"La, shosho, namrudisha."

"Unamrudisha wapi?"

Hakuwa na dharau. Alitaka kujua tu. Swali hilo nimelijibu bafuni, nimelijibu ndani ya matatu, na Jumamosi nimelijibu kanisani dada mdogo akila kiapo (ndiyo, harusi imepita salama, picha zinakuja). Jibu la "kwao" nililiacha mapema. Kwao wapi, na trauti wa kwanza nchini waliletwa mwaka 1905 wakiwa mayai kutoka Scotland, wakatiwa mto Gura? "Mtoni" nalo ni jibu, ila shosho alikuwa akiutazama huo mto, na wote wawili tuliona ulivyo.

Kinachonichoma ni kwamba kipimajoto kilikuwa mfukoni. Sikukitoa hadi samaki alipokwisha kwenda. Saa saba mchana, nyuzi 21. Najua vizuri kwamba ikipita 20 trauti anaanza kutaabika, kwa sababu maji yakipata joto hewa hupungua ndani yake, na samaki aliyepigana na mshipi ndiye anayeihitaji zaidi. Ni mimi niliyeandika hapa mwezi uliopita kwamba mwaka huu navua alfajiri tu, saa tatu nimekunja fimbo ya kuvulia. Mlinipongeza hata.

Lakini kuna kipande ambacho nimekuwa nikikiruka kila nikiyarudia haya. Shosho aliomba kuona chambo. Nikamwekea yule nzi wa bandia kiganjani, wa manyoya ya kahawia, mmoja wa wale anaofunga Shangazi. Akamgeuza, akamsogeza karibu na jicho zuri.

"Haya ni manyoya ya jogoo!"

"Ndiyo, shosho."

"Kumbe hata yeye hakula!"

Akacheka hadi kikombe kikamponyoka, kikaelea kidogo kwenye kidimbwi kama mtumbwi. Nami nikacheka. Nimeandika mstari huu nikicheka tena, peke yangu jikoni, saa tano usiku.

Fimbo nimeiweka juu ya kabati hadi mvua irudi.

Halafu lile jino, mnalijua. Limeanza tena. Chai ikiwa moto linapiga hadi sikioni, na mshahara ni tarehe 30.