Askari kijana, hasira na majeraha ya utotoni: ninavyoanza

Vijana wa jeshini ninaowapa ushauri nasaha hapa Dodoma hawaji wakisema wana kiwewe. Wanaletwa na ngumi: kampiga mwenzake bwenini, kavunja kioo, kamjibu afande vibaya. Habari ya mkanda wa baba au ya kufungiwa nje usiku hutoka baadaye sana. Nami siikimbilii. Naanza na hasira, maana ndiyo inayoweza kumwachisha kazi kabla hatujafika popote.

Mwanzoni kabisa namwambia siri yake inaishia wapi: nitasema iwapo anataka kujiua, kumuua mtu, au kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi. Kama katumwa na daktari wa kikosi, tunakubaliana kinachorudi kikosini ni kwamba amehudhuria, si aliyoyasema. Bila hilo utajibiwa "ndiyo afande" saa nzima. Halafu namuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, na kama anashika silaha lindoni. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akiwa na mpango, haachwi peke yake, silaha inawekwa mbali naye, na anapelekwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, siku hiyohiyo. Anayekunywa pombe kali kila siku simwambii aache ghafla. Anaweza kupata degedege, kwa hiyo anaanza kwa daktari.

Kisha tunachukua ugomvi wa mwisho tu na kuurudisha nyuma hatua kwa hatua. Alilala saa ngapi? Alikuwa amekula? Nani alisimama wapi? Mwili ulianza na nini: taya, kifua, viganja? Simuulizi "kwa nini ulifanya hivyo", swali ambalo ameshaulizwa na kila mkubwa wake na linamfanya ajitetee. Anaipa hasira namba, 0 hadi 10. Wengi huigundua ikiwa 8, wakati masikio yameshaziba. Kazi yetu ni aitambue ikiwa 3 au 4.

Hapa ndipo ushauri wa vitabuni unapokwama. "Ondoka eneo la ugomvi" haimsaidii aliye kwenye mguu sawa huku afande anamfokea sikioni. Anahitaji kitu kisichoonekana: kukandamiza vidole vya miguu ndani ya buti kwa sekunde 5 na kuviachia kwa 10, kuvuta pumzi puani akihesabu 4 na kuitoa taratibu kwa 6, magoti yasikazwe (kwenye jua letu, kukaza magoti kunaangusha mtu hata bila hasira). Afanye mazoezi mara mbili kwa siku akiwa ametulia. Anayengoja hasira ije ndipo ajaribu hurudi akisema haifanyi kazi. Kupiga mto au gunia ili "kuitoa" simshauri. Kunaufundisha mwili kupiga.

Akishaweza kushuka kutoka 6 hadi 3 mwenyewe, ndipo tunagusa utoto, tukio moja kwa kikao. Mara nyingi anaona mwenyewe kwamba sauti ya afande na harufu ya pombe vinauamsha mwili uleule wa mtoto wa miaka 8. Dakika 15 za mwisho hatuchimbi: anataja vitu vitano anavyoviona chumbani, anakunywa maji, tunaongelea ratiba ya kesho. Namtahadharisha kuwa ndoto mbaya zinaweza kuzidi kwa siku chache, na hatupangi kikao kama hicho siku anayoingia lindo.

Likizo ndiyo mtihani. Nyumbani kuna aliyempiga, na kuna shangazi atakayesema, "Msamehe baba yako, umekuwa mtu mzima." Msamaha siuharakishi: kijana anayelazimishwa kusamehe hunyamaza, na bwenini ngumi hurudi. Tunapanga mambo madogo: atalala kwa nani, atakaa siku ngapi, nauli ya kurudi iwe mfukoni tangu siku ya kwanza, na jibu moja fupi kwa shangazi: "Nimekusikia, shangazi, hilo tuliache kwa leo."