Kuonja mvinyo chupa ikiwa imefichwa

Mwamba ngozi huvutia kwake, na Dodoma tunavutia pande mbili. Wapo wanaousifia mvinyo wa hapa nyumbani kabla hawajaunusa, na wapo wanaoudharau kabla haujamiminwa. Kundi la marafiki wanane likitaka kujua ukweli, lifiche chupa. Tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, Steven Spurrier, Mwingereza muuza mvinyo, aliwaonjesha majaji wa Kifaransa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha lebo, na California ikashika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Lakini kuficha lebo ni sehemu ndogo ya kazi. Jioni nyingi za namna hii huharibika dukani na kwenye friji, kabla hata kizibo hakijang'oka.

Kwanza chagua swali moja. Mvinyo mingi inayouzwa hapa mjini ni mitamu, na kosa la kawaida kabisa ni kuichanganya na mikavu, yaani isiyo na utamu, meza moja. Ukitoka kwenye mtamu ukaingia mkavu, ule mkavu utaonekana maji ya ndimu, hata kama ni mzuri. Swali zuri la kuanzia ni Chenin Blanc mkavu: zabibu hii asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, Afrika Kusini ndiko inakolimwa kwa wingi zaidi duniani, na mashamba ya Dodoma nayo yanayo. Chupa tatu za hapa, mbili za Afrika Kusini, bei zisiachane sana. Kwa wekundu, ningekutanisha Makutupora, zabibu nyekundu ya hapa Dodoma, za watengenezaji tofauti zenyewe kwa zenyewe, badala ya kuipambanisha na Cabernet Sauvignon, zabibu nyekundu ya nje, halafu watu wailaumu kwa kutokuwa Cabernet. Mwaka kwenye lebo usikubabaishe: mizabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwaka pekee haukuambii ni mavuno yapi.

Dukani, usichukue chupa iliyosimama kwenye kioo kinachopigwa na jua. Omba ya ndani ya boksi. Kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo wa chupa, au alama ya kunata inayoshuka shingoni, ni dalili kwamba mvinyo ulipata joto ukatanuka. Mweupe uliogeuka rangi ya chai uache hapo hapo.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloamua matokeo kuliko kitu kingine. Wanasema mwekundu unywewe "wa joto la chumba", ila chumba wanachokisema ni cha Ulaya yenye baridi, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mwezi wa Novemba saa kumi na moja jioni ni kitu kingine. Mwekundu ukiwa na joto hilo, kileo hupanda puani na kufunika harufu ya matunda, na wote mtauita mkali. Uweke kwenye friji dakika 30 hadi 40 kabla ya kumimina. Mweupe ukae saa tatu, kisha utolewe dakika 15 kabla, maana ukiwa baridi kama soda hautoi harufu yoyote, na mvinyo mbovu hujificha vizuri sana kwenye ubaridi. Umeme ukikatika, ndoo ya maji na barafu nusu kwa nusu, na konzi ya chumvi, itafanya kazi hiyo kwa dakika kama 20. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa sababu haiigusi chupa pande zote. La muhimu zaidi ni chupa zote za mzunguko mmoja ziwe na ubaridi uleule. Tofauti ya nyuzi tano inatosha kumpa ushindi asiyestahili.

Kuficha kunahitaji watu wawili. Wa kwanza anafungua chupa zote, anaondoa vizibo na karatasi ya shingoni, anazifunga gazeti hadi mdomoni na kukaza kwa mkanda wa karatasi. Anatoka. Wa pili anazipanga upya na kuandika namba. Hapo hakuna mtu mmoja anayejua yote. Kifuniko cha kuzungusha huacha mistari kwenye mdomo wa chupa, hivyo mimina jikoni, ulete glasi tu.

Kipimo ni mililita 50 kwa mtu. Wanane watamaliza mililita 400 za chupa ya 750, na inayobaki ni ya kurudia kuonja baada ya majibu. Aina sita ni mililita 300 kwa kila mtu, ndiyo maana kopo la kutemea si maringo. Anayemeza zote aagize bajaji. Glasi mbili kwa kila mtu zinatosha: onjeni kwa jozi, suuzeni, endeleeni. Iwe ndani ya nyumba, kwani upepo wa huku hubeba harufu yote. Pafyumu, udi na jiko la nyama choma vingoje. Mezani maji na mkate mweupe tu. Karanga za chumvi hulainisha uchungu na kuubeba mvinyo usiostahili.

Kila mtu aandike alama zake, kati ya 20, kimya. Mzee au mwenyekiti akishatamka "huu wa nje huu", nani atambishia? Basi azungumze wa mwisho.

Mmiminaji anuse kila chupa mapema, na awe na akiba. Harufu ya boksi lililolowa ni kizibo kibovu, haiponi. Harufu ya siki, au ya tufaha lililokatwa likaachwa, haiponi pia. Ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi mara nyingi hupotea ukiitikisa glasi dakika chache.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni kuweka mvinyo uleule kwenye namba mbili, tuseme 2 na 5. Aliyeupa 16 kisha 10, karatasi yake isihesabiwe. Na mkibishana kama chupa mbili zinatofautiana kweli, mpeni kila mtu glasi tatu, mbili zikiwa za mvinyo mmoja, atafute ya tatu. Kwa kubahatisha, kati ya wanane watapatia wawili au watatu. Wakipatia sita, tofauti ipo. Wakipatia wanne, nunueni ile ya bei nafuu.