Risiti ya 1986

Dalali aliapa mara tatu kati ya Mtwapa na Malindi kwamba gari tunalokwenda kuliona ni GTA. Mara ya kwanza aliapa kwa Mungu, ya pili kwa mamake, ya tatu kwa mwanawe mchanga, na hapo Mjomba akamwambia anyamaze, asimtie mtoto katika biashara ya vyuma.

Kwa asiyezijua Alfa Romeo za zamani, GTA ni gari la mashindano lililotolewa 1965. Ukilitazama kwa mbali ni sawa na magari mengine ya Alfa ya milango miwili ya wakati ule, yale ambayo Giorgetto Giugiaro aliyachora akiwa kijana tu, ameajiriwa na Bertone, kampuni ya Kiitaliano ya kubuni bodi za magari. Ukilisogelea ndipo utaona tofauti: bodi ni ya alumini, na kila silinda ina plagi mbili. Wakusanyaji wa magari hulilipia pesa za kujengea nyumba Nyali. Kwa hiyo GTA za kughushi zimejaa duniani, na madalali wa kwetu nao hawakuchelewa kuzikariri zile herufi tatu.

Mimi sikuwa na pesa za GTA. Nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, mfukoni nina shilingi 450,000, nusu yake za chama. Nilichokuwa nakitafuta ni ndugu yake mnyonge, GT 1300 Junior. Ugonjwa huu niliupata utotoni, kwa kulala chini ya magari gerejini kwa Mjomba wakati wenzangu wako uwanjani. Mjomba ni kaka yake mama, fundi wa bodi tangu hajaota ndevu. Mimi humwita Mjomba, na yeye huniita Mjomba, kama ilivyo kwetu. Asiyetujua akitusikia hatambui mkubwa ni yupi.

Ilikuwa Agosti 2012, kusi linavuma. Mwenye gari alikuwa mzee wa Kiitaliano aliyekuja Kenya kama fundi umeme wakati wa San Marco, yale majukwaa ya kurushia roketi baharini kule Ngomeni. Alikuwapo satelaiti ya Uhuru iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, na hilo alitueleza kabla hata hatujakaa. Macho yalikuwa yanamfifia sasa, watoto wanamwita nyumbani, na Alfa haiwezi kupanda ndege.

Tulilikuta chini ya banda la makuti, jekundu, magurudumu hayana upepo, kiti cha nyuma kimeliwa na panya. Nilipoiona pua moyo ulinipasuka. Ukingo wa boneti ulikuwa umeinuka kidogo juu ya pua, kama kidaraja cha ngazi. Waitaliano huziita hizo scalino, na ndizo zinazotafutwa kuliko zile za baadaye zilizosawazishwa. Nembo ilikuwa na msalaba mwekundu na nyoka anayemmeza mtu, lakini neno Milano halikuwapo. Gari la 1968 lilitakiwa kuwa nalo. Waliliondoa mwanzoni mwa miaka ya sabini, walipofungua kiwanda kingine karibu na Napoli. Kwa hiyo nembo ilikuwa imebadilishwa. Jambo dogo, lakini mnunuzi wa Alfa hukusanya mambo madogo kama hakimu.

Nikafungua boneti, nikapangusa vumbi kwenye bloku. AR 00530. Hiyo ni injini ya 1300 Junior, haina ubishi. Nikamwita dalali aje asome.

"Injini hubadilishwa," akasema.

Basi nikatoa sumaku. Nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha leso isije ikakwaruza rangi. Mlangoni ikanasa. Kwenye boneti ikanasa. Paa, buti, kote ikanasa, chuma kitupu. Nikainama nikaiweka kwenye kizingiti, ule mkono wa bati unaopita chini ya mlango wa dereva, ikateleza ikaanguka mchangani.

Dalali akaruka juu. "Umeona? Umeona sasa? Alumini hiyo!"

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mimi nilicheka. Mjomba, ambaye kwa kawaida yeye ndiye huanza, hakucheka. Alichuchumaa, akakipitishia kizingiti kiganja chake toka mbele hadi nyuma, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Puti hii," akasema, yaani lile lipu la kuzibia na kusawazisha bodi. "Nene." Akaenda kwenye mfereji kunawa.

Bei tuliimaliza kwa 380,000. Mzee alinionya mambo mawili. La kwanza, gia ya pili ikilia asubuhi nisiogope, Alfa za umri ule ndivyo zilivyo, nisubiri mafuta ya gia yapate moto. La pili, akanikabidhi bahasha ya khaki iliyotuna, imefungwa kwa kamba ya katani, na daftari dogo aliloandikia kila alichokifanya kwenye lile gari. "Hizi karatasi usitupe," akasema kwa Kiswahili chake cha Malindi. "Gari bila karatasi ni bati."

Kazi tulianza Changamwe mwezi uliofuata. Injini haikunipa tabu nilizozitarajia. Bloku yake ni ya alumini, mikebe ya silinda inatolewa mmoja mmoja, valvu za egzosi ndani yake mna sodiamu ya kupunguza joto. Kwa gari dogo la 1968 ilikuwa elimu ya kutosha. Ilikuwa inavuja oili kwenye gasketi ya kichwa, pale penye vipete sita vya mpira vinavyoziba njia za oili. Vipete vyote vilikuwa vimekauka kama maganda ya kunazi. Niliagiza vingine Uingereza, na kabureta nilizifungua mwenyewe sebuleni, mke wangu akiwa amenuna.

Bodi ndiyo iliyokuwa na maneno. Vijana walipoanza kupiga msasa, chini ya wekundu ikatokea rangi nyeupe. Mjomba alikuwa kwenye gari jingine. Akaja, akatazama ule weupe, akakichukua kipande cha msasa mkononi mwa kijana akaendelea mwenyewe, sehemu ndogo tu, ukubwa wa sahani. Kisha akasema twende kizingitini.

Alitia tindo, akapiga nyundo mara mbili, na kipande cha puti kikatoka kizima, kikubwa kama boflo. Nyuma yake palikuwa na waya wa kufugia kuku. Nyuma ya waya, makumbi ya nazi yaliyochovywa lami. Nyuma ya makumbi, saruji. Bati lenyewe lilikuwa limebaki kama karatasi ya sambusa.

Vijana walianguka kwa kicheko. Mmoja akasema fundi huyu alikuwa mwashi, amekosea njia ya kazini. Mwingine akasema gari lina chakula kamili, nazi ipo, kuku yupo.

"Mumemaliza?" Mjomba akauliza. "Nendeni mkale."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Siku tatu zile hakuwa na maneno. Nilidhani ni sukari imempanda. Nilimwambia Ulaya wanauza vizingiti vilivyokwisha kukatwa, naweza kuagiza pamoja na spea nyingine. Alinitazama kama nimemtukania mama. Akasema ataviunda kwa mkono, vyote viwili, na kwa ule mpango wa kiwandani. Na mpango wa kiwandani si mchezo. Kizingiti cha Alfa hii kina mabati matatu: la nje, la ndani, na la kati linaloyatia nguvu. Gari halina chasisi ya kulalia. Linasimama kwa vizingiti hivyo. Matundu ya kutolea maji yakiziba, maji hukaa ndani na kula pole pole, na kwa chumvi ya Malindi hayali pole pole. Wazungu wengi huamini gari lililokaa Afrika halina kutu. Hawajaishi mita mia mbili kutoka baharini.

Kabla ya kukata alichomelea vyuma vya pembe ndani ya nafasi za milango, kutoka nguzo hadi nguzo, bodi isije ikajikunja kama kitabu. Kisha akakata upande mmoja tu. Bati alilikunja juu ya kipande cha reli alichokuwa nacho tangu enzi, akigonga kwa nyundo ya mti, anapima, anagonga, anapima. Kila baada ya mishono michache ya kuchomelea alisimama, akaufunga mlango, akausikiliza. Sikuwahi kumwona akisikiliza mlango. Ukifunga kwa sauti ya bati alikuwa anarudi nyuma, anafungua alichokishona. Ukifunga kwa ule mlio mzito, tk, anaendelea. Vizingiti viwili vilimchukua wiki tano. Mwisho akatoboa matundu ya maji, akamimina nta ya moto ndani mpaka ikachuruzika sakafuni.

Ijumaa ile nilimhesabia pesa zake. Akatenga fungu la kazi ya rangi na la milango, mengine akanirudishia.

"Vizingiti usihesabu."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Nimesema usihesabu, Mjomba."

Risiti niliiona mwaka uliofuata. Alfa Romeo wana kituo cha kumbukumbu huko Arese, ukiwaandikia na namba ya chasisi hukupa cheti: gari lilitoka kiwandani lini, lilikuwa na rangi gani. Nilitaka kujua kama ule weupe ndio wa kuzaliwa. Nikakaa mkekani baada ya isha, nikafungua bahasha ya khaki nitoe nakala. Karatasi za matairi. Bima. Plagi. Betri, betri, betri. Kisha ukurasa wa daftari la shule, umekunjwa mara nne, hauna muhuri wa gereji yoyote.

Machi 1986. Vizingiti viwili, bati jipya, kazi ya uhakika. Shilingi 7,700, zimelipwa taslimu.

Sahihi ilikuwa mkwaruzo usiosomeka, wala sikuihitaji. Zile saba mbili zilikuwa na kistari tumboni na mkia uliojikunja kushoto. Mkono ule niliujua kabla sijaanza darasa la kwanza. Ndio ulioandika kwenye kikaratasi cha kupeleka dukani: mkate, sukari robo, mafuta ya taa.

Nilikaa pale mpaka taa ikazimwa na mke wangu. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Naukumbuka vizuri kwa sababu ndio mwaka Mjomba alipoacha kazi ya kuajiriwa Shimanzi akafungua yake, chini ya mwarobaini, yeye na tochi ya kuchomelea na mitungi miwili ya gesi. Tulimpelekea chakula siku ya kwanza, mamangu amepika pilau. Mitungi ile ilikuwa mipya. Pesa za kuinunulia zilitoka wapi, katika nyumba yetu hakuna aliyeuliza.

Cheti kilikuja. Gari lilizaliwa jeupe, Bianco Spino, na jeupe tukalirudisha, ingawa kila aliyepita gerejini alitushauri jekundu, eti gari la Kitaliano ni jekundu. Nilisema asante. Wakusanyaji huthamini rangi ya cheti, si ya wapita njia. Mimi na Mjomba tulilipeleka mpaka Nairobi na kurudi. Gia ya pili ilikuwa ikilia mpaka tufike Mariakani.

Mwaka 2016 akaja mnunuzi, Mtaliano anayefanya biashara ya magari ya zamani huko kaskazini ya nchi yao. Bei za scalino zilikuwa zimepanda, na mimi nina binti wa kupeleka chuo. Alilala chini ya gari saa nzima, na tochi na kioo kama cha daktari wa meno. Nilimwonyesha picha zote za vizingiti, vya kale na vipya, sikumficha kitu cha bati. Alivigonga kwa kifundo cha kidole, akasema huko kwao mafundi wa kazi hii wanakwisha.

Kisha akakaa mezani na karatasi. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee wa Malindi. Gari alilikagua saa moja, karatasi saa mbili. Aliweka daftari la mzee kushoto, risiti kulia, akawa anazioanisha mwaka kwa mwaka, na kila iliyopata mwenzake aliipiga alama. Mjomba alikuwa amekalia kopo la rangi pale mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Hapa," mnunuzi akasema, kidole kikiwa daftarini. "Machi 1986. Ameandika vizingiti, Mombasa. Risiti siioni."

"Hiyo haipo," nikasema.

Ilikuwa nyumbani, ndani ya droo ya cherehani.

Akatikisa kichwa, akasikitika kweli, maana alikuwa na miaka yote isipokuwa huo. Akasema ataandika kwa kalamu tu, angalau ijulikane. Akauliza kazi kama ile, Mombasa ya wakati ule, ingekuwa pesa ngapi hivi.

Nilifungua mdomo niseme sijui.

"Elfu saba na mia saba," akasema Mjomba, macho yake yako kikombeni.