Mtambo wa Kuichelewesha Jioni

Kuna swali limenikaa kichwani wiki nzima. Televisheni ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilirusha vipindi asubuhi hadi usiku, siku zote za juma. Mbona mikanda yake iliyosalia ni michache namna ile? Wengi husema ni uzembe wa waliokuwa wakiitunza. Sikubaliani nao. Nikifuatilia jinsi mtambo wa kurekodi picha ulivyozaliwa, naona mikanda ile haikununuliwa ili itunzwe. Ilinunuliwa ili ikae kwa muda wa saa tatu tu, kisha itumike tena.

Chanzo ni saa ya ukutani. Bara la Marekani lina kanda nne za saa. New York ikiwa saa 2 usiku, Chicago ni saa 1, Denver ni saa 12 jioni, na Los Angeles ni saa 11, watu wako njiani wakirudi makwao. Zamani za redio waigizaji waliurudia mchezo mzima mara ya pili kwa ajili ya pwani ya magharibi. Kwa televisheni yenye mandhari, taa, kamera na wapambaji, kurudia kila kitu kila usiku kulikuwa gharama isiyobebeka.

Tarehe 4 Septemba 1951 pwani mbili ziliunganishwa. AT&T, kampuni ya simu, ilikuwa imejenga minara 107 ya mawimbi kutoka New York hadi San Francisco, kila mmoja ukimtupia jirani yake mawimbi umbali wa wastani wa maili 30. Siku hiyo hotuba ya Rais Truman kwenye mkutano wa amani na Japani ilionekana mashariki na magharibi kwa wakati mmoja. Ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi, nami naistahi. Ila hapo hapo ndipo tatizo lilipokomaa, kwani picha ilifika papo hapo na jioni haikufika nayo. Mchezo wa saa 2 usiku ukitua Los Angeles saa 11 jioni, hakuna aliyeketi kuutazama, na mdhamini hulipia watazamaji.

Dawa ya kwanza ilikuwa kineskopu: kamera ya filamu inaelekezwa kwenye kioo kidogo cha televisheni na kukipiga picha. Inasikika rahisi mpaka uanze kupiga hesabu. Televisheni ya Marekani ya wakati huo ilitoa picha 30 kwa sekunde, filamu hupita fremu 24. Igawe sekunde moja mafungu 120. Picha moja ya televisheni inakula mafungu 4, fremu moja ya filamu inakula 5. Basi kamera ya kineskopu huacha mwanga uingie kwa mafungu 4, na katika fungu la tano shata hufunga huku filamu ikivutwa kwenda fremu inayofuata. Maana yake filamu inapaswa kuhama na kutulia kabisa ndani ya sehemu moja ya 120 ya sekunde. Shata yenyewe ni sahani yenye uwazi wa nyuzi 288 na kizuizi cha nyuzi 72. Kizuizi kikikosewa kidogo tu, fremu zinazoanzia katikati ya picha hazikutani sawasawa: mistari ikipigwa mara mbili unaona mstari mweupe umekatiza uso wa mwigizaji, ikirukwa unaona mweusi.

Huko Hollywood kazi hii ilifanywa kwa mbio. Kipindi kiliingia kutoka New York saa 11 jioni, kikapigwa filamu, rili zikakimbizwa maabara, zikasafishwa, zikakaushwa, zikarudishwa na kurushwa saa 2 usiku saa za pale. Mafundi waliziita filamu za moto, kwa kuwa zilifika bado zina joto la kikaushio. Ili kuokoa dakika, hawakusubiri kuchapisha nakala. Walirusha negativu yenyewe na kuigeuza kwa umeme, cheusi kikawa cheupe na cheupe kikawa cheusi. Hata hivyo picha ilikuwa imepita lensi mbili, kioo kimoja na dawa za maabara. Vivuli vilimezana na punje za filamu zilionekana. Filamu ikishatumika haifutiki. Kesho unanunua nyingine.

Kwa nini basi wasitumie mkanda wa sumaku, ambao redio ilikuwa imeshauzoea? Kwa sababu ya kasi. Mkanda wa sauti ukipita inchi 15 kwa sekunde unashika vizuri hadi hezi 15,000 hivi, yaani mitetemo 15,000 kwa sekunde. Picha inadai megahezi 4, yaani hezi milioni 4, zaidi ya mara 260 ya hapo. Walioshika njia ya moja kwa moja waliongeza mwendo. Kampuni ya RCA mwaka 1953 ilionyesha mtambo uliovuta mkanda futi 30 kwa sekunde. Rili ya inchi 17, kubwa kuliko sinia ya pilau, ilidumu dakika 4. BBC nayo ilijaribu mtambo wa njia hiyo hiyo, ikaurusha hewani 1958 na muda si mrefu ikauacha. Mkanda unaokimbia namna hiyo hautulii, na usipotulia picha inatetemeka.

Kundi dogo la wahandisi wa kampuni ya Ampex huko Redwood City, California, likiongozwa na Charles Ginsburg, liligeuza fikra: mkanda uende polepole, hedi, yaani kichwa kinachoandika na kusoma sumaku, ndiyo ikimbie. Kijana mmoja wa kundi hilo ni Ray Dolby, ambaye baadaye jina lake lingeandikwa kwenye redio kaseti nyingi. Mkanda wao ulikuwa na upana wa inchi 2 na ulisafiri inchi 15 kwa sekunde. Mbele yake kuna gurudumu la kipenyo cha inchi 2 hivi, lenye hedi nne ukingoni, likizunguka mara 14,400 kwa dakika. Hedi hukata mkanda kwa upana, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukipima mwendo wa ncha ya hedi juu ya mkanda ni inchi zaidi ya 1,500 kwa sekunde, karibu mita 40. Rili ya futi 4,800 ikatosha dakika 64.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa uzuri wote upo kwenye mambo madogo. Gurudumu ni duara na mkanda ni bapa. Hedi ingegusa katikati tu. Wakaweka nyuma ya mkanda kitako kilichopinda kama kiganja, na pampu ikafyonza hewa ili mkanda ulale ndani ya mpindo huo. Hedi moja inapotoka ukingoni, nyingine inaingia. Mizunguko 240 kwa sekunde mara hedi nne ni mikato 960 kwa sekunde, na kila mkato unabeba mistari 16 hivi ya picha. Mkato una upana wa robo milimita, na kati ya mmoja na mwingine kuna nafasi tupu ya takriban milimita 0.13. Picha unayoiona imeshonwa kwa vipande 16 vya mlalo, na kubadilisha hedi hufanyika mwishoni mwa mstari, pale ambapo jicho haliangalii kitu.

Bado kulikuwa na tatizo la masafa. Picha huanzia hezi 30 hadi megahezi 4: anza na 30, zidisha mara mbili, rudia mara 17, ndipo unafika. Mkanda wa sumaku hauwezi kubeba upana huo, kwa sababu masafa ya chini hutoka dhaifu mno na ya juu makali mno. Wakatumia FM, yaani kuyumbisha masafa ya wimbi badala ya nguvu yake. Mwangaza wa picha uliyumbisha wimbi lililokaa takriban kati ya megahezi 4 na 7, na mkanda ukabaki na kazi ya kushika wimbi hilo tu. Faida ya pili ni kubwa vilevile: habari ya picha haimo katika nguvu ya wimbi, hivyo hedi moja ikiwa dhaifu kidogo kuliko wenzake, picha haizimiki kila baada ya mistari 16.

Tarehe 14 Aprili 1956, mjini Chicago, katika mkutano wa wenye vituo vya CBS, mmoja wa mitandao mikubwa ya televisheni, walimrekodi mkuu wa uhandisi wa CBS akihutubia, kisha wakamwonyesha tena kwenye vioo vilivyokuwa ukumbini. Waliokuwepo walichukua muda kuelewa wanachokiona, halafu ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mtambo mmoja ulikuja kuuzwa karibu dola 50,000, na oda zikafurika.

Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo CBS iliutumia hewani kwa mara ya kwanza. Hollywood ilirekodi taarifa ya habari ya Douglas Edwards iliyosomwa New York, ikaisubirisha, kisha ikairusha pwani ya magharibi jioni yao ilipofika. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mtambo wa Ampex kwenye mtandao wa televisheni. Hakuna aliyezungumzia maktaba. Kufikia 1958 kazi iliongezeka kwa sababu ya saa za majira ya joto. Kabla ya sheria ya 1966, kila jimbo, wakati mwingine kila mji, uliamua wenyewe kama utasogeza saa mbele. Mkanda ulizisaidia kampuni kurusha kipindi kwa saa ile ile ya ukutani bila kujali mji gani umesogeza na upi umekataa.

Aliyekaa na mitambo hii alijua kusoma ugonjwa kwenye kioo. Hedi nne zisipopishana kwa nyuzi 90 kamili, picha hukatika vipande vya mistari 16, kimoja kimesogea kushoto na kingine kulia. Kitako cha hewa kikisukumwa mbele au nyuma kupita kiasi, nguzo iliyonyooka huonekana kama dirisha la luva, kila ubao ukiwa umelala upande. Kikiwa juu au chini ya mahali pake, nguzo ile ile inapinda vijipinde kama ukingo wa kitambaa cha meza. Hedi ikiziba kwa unga wa mkanda, robo ya picha hujaa chenga. Doa dogo la vumbi kwenye mkanda hutoa mchirizi unaopita haraka. Hedi zenyewe zilidumu takriban saa 100, halafu gurudumu zima likarudishwa kiwandani kutengenezwa.

Tena kulikuwa na kikwazo ambacho ni rahisi kukisahau leo. Mwanzoni mkanda ulisomeka vizuri kwa gurudumu lile lile lililourekodi, kwani kila gurudumu lilikuwa na tofauti zake ndogo. Ukiling'oa gurudumu kwa matengenezo, umefunga mlango wa mikanda yake yote. Kwa rekodi ya kusubiri saa tatu hilo si tatizo hata kidogo: gurudumu bado lipo palepale. Kwa anayetaka kuona kipindi baada ya miaka 30 ni kizuizi kikubwa. Kipindi cha rangi cha Fred Astaire cha Oktoba 1958 kilirekodiwa kwa mfumo wa rangi ulioachwa baadaye, na ilibidi mafundi wa miaka ya 1980 waufanyie mtambo marekebisho ndipo kisomeke. Mkanda ulikuwapo muda wote huo; kilichokosekana ni mtambo wa kuusoma.

Kuhariri kulifanywa kwa wembe. Huwezi kuona picha kwenye mkanda kama unavyoiona kwenye filamu, kwa hiyo walipaka ukingo wa chini maji yenye chembe za chuma. Chembe zikaganda penye sumaku, na alama ya kila fremu ikajitokeza kama kijistari. Fundi aliweka mkanda kwenye kifaa chenye hadubini, akaleta kijistari chini ya alama, akakata ndani ya ile nafasi tupu ya milimita 0.13, kisha akaunganisha ncha kwa utepe mwembamba mgongoni. Ncha zikiachana, picha inaruka. Zikipandana, ncha za hedi zinagonga kona ya mkanda kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde na huenda zikavunjika. Sauti nayo ilirekodiwa na hedi nyingine iliyokaa inchi 9 mbele zaidi, yaani sekunde 0.6 hivi. Ukikata penye picha umekata sauti mahali pengine. Mwongozaji mwerevu aliacha kimya cha sekunde nzima mahali alipotaka kukata. Na mkanda uliokatwa haukuwa na thamani ile ile tena, jambo lililowafanya wahasibu wauchukie wembe.

Rili moja mpya ya saa moja iligharimu karibu dola 300. Sifa iliyouuza mtambo kwa wakuu wa fedha ni kwamba rili hiyo, tofauti na filamu, hufutika na kutumika tena kesho. Kwa kila kipindi kilichotunzwa kulikuwa na rili moja mpya ya kununua. Onyesho la Edsel la CBS la Oktoba 1957, lililochezwa Hollywood kwa ajili ya mashariki na kurudiwa magharibi kwa mkanda, ni miongoni mwa mikanda mikongwe zaidi ya burudani iliyosalia. Mengi mengine ya miaka hiyo tunayaona leo kwa kineskopu tu, ile ile teknolojia duni ambayo mkanda ulikuja kuifukuza, kwa kuwa filamu haikuweza kufutwa.

Na kufuta hakukuchukua muda. Rili nzima iliwekwa juu ya koili kubwa ya umeme wa kawaida, ikazungushwa polepole mkononi, ikageuzwa upande wa pili, ikazungushwa tena. Halafu iliondolewa taratibu, kwa mwendo ule ule bila kusita, mpaka iwe mbali na koili, ndipo swichi ikazimwa. Ukiivuta ghafla, au ukizima umeme ingali juu, mkanda hubaki na pigo la sumaku linalosikika kila rili inapozunguka. Baada ya hapo lebo ya jana ilibanduliwa, na rili ikarudishwa kwenye mtambo kabla ya saa 11 jioni.