Nilivyowapatia makazi paka weusi kwa picha za simu

Wapenzi wa paka habari zenu. Kila nikiposti picha za paka wangu Kaniki naulizwa wale wenzie wawili walienda wapi na niliwezaje kupata watu wa kuchukua paka mweusi, maana wote tunajua huku mtaani paka mweusi akikatiza tu usiku watu wanaanza habari za wachawi. Basi leo naeleza yote.

Mama yao aligongwa na bodaboda huku kwetu Mbagala, watoto wakabaki nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, macho bado hayajafunguka, na paka anafungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14 kwahiyo hapo ni wachanga kabisa. Fundi akanipigia, "dada njoo uwachukue hawa, kuna mteja kashaniambia nikawatupe jalalani." Nikaenda na beseni na kanga, nikawakuta watatu, weusi wote. Nikawaita Mkaa, Kaniki na Wino.

Kila mtu alisema wape maziwa ya ng'ombe. Daktari wa mifugo alikataa katakata, yanawaharisha na kitoto cha paka kikiharisha kinaisha maji mwilini haraka mno. Nikanunua maziwa ya unga ya watoto wa paka, bei yake imesimama lakini ndo yanayofaa, nawanywesha kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe) kila baada ya masaa mawili matatu usiku na mchana. Na jamani sikilizeni hapa, anakunywa akiwa kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia kwenye mapafu. Akishakunywa unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unampangusa taratibu huko chini mpaka akojoe, kwa umri ule hawawezi wenyewe, mama ndo huwa anawalamba. Halafu chupa ya maji ya moto ifungwe kwenye taulo iwekwe kwenye boksi pembeni yao, hata kama Dar ni joto, mwili wao bado haujui kujipasha.

Kila asubuhi nawapima kwenye mizani ya jikoni, kila mmoja anatakiwa aongezeke gramu 10 au zaidi kidogo kwa siku, na hapo kwenye mizani ndo picha zilianzia. Mtu yuko ndani ya bakuli, mkia unaning'inia nje, namba inasomeka chini yake, naweka stetasi. Watu wakaanza kufuatilia. Wino kuna kipindi uzito uligoma kupanda, nikawa namnywesha yeye wa kwanza kidogo kidogo mara nyingi, na mtu ambaye hatujawahi kuongea toka tumalize shule ananiandikia saa tano usiku, "vipi Wino kapanda?" Hapo nikaelewa kitu, hawa watu wameshamzoea Wino kwa jina, rangi yake hawaikumbuki tena.

Sasa picha zenyewe. Paka mweusi kwenye simu anatoka doa tu, huoni pua wala masharubu, ndo maana nikazitilia mkazo. Flashi usiiwashe kabisa, macho yanawaka na hiyo ndo picha yenyewe watu wanayoiogopa. Mi nilikuwa nawapiga mlangoni asubuhi, mwanga unaingia kwa ubavuni, chini nimetandika kanga ya rangi ya kung'aa, nalala kifudifudi sakafuni simu iwe usawa wa macho yake, nagusa jicho kwenye skrini ili fokasi ikae pale, kisha napandisha au kushusha mwanga kidogo kidogo hadi manyoya yaonekane moja moja, na mtoto wa dada yangu nyuma yangu anakwaruza karatasi ya biskuti ili ageuke. Kuna moja ya Mkaa juani, ukiikuza unaona weusi wake una wekundu kwa mbali na kuna michirizi hafifu ubavuni kama ya chui milia, watoto wengi wa paka weusi wanakuwa nayo halafu inapotea wakikua. Hiyo ilishewa kuliko zote.

Mama mwenye nyumba mwanzoni aliniita kabisa, "mwanangu, paka watatu weusi ndani ya nyumba yangu?" Nikamwambia shikamoo mama, nivumilie wakue kidogo tu. Mjukuu wake akawa anamwonyesha stetasi zangu kila jioni, na mzee mmoja wa msikitini akamkumbusha habari za Abu Huraira, yule sahaba aliyependa paka. Ile picha ya Mkaa juani ilipotoka mama alikuja mwenyewe akasema huyu wangu, stoo ya mchele ina panya. Mkaa hakuhama hata uwanja.

Wino alienda Bagamoyo kwa yule yule wa saa tano usiku. Sikumpa mtu yeyote bila kumhoji, maana kuna mmoja aliniandikia anataka mweusi tii asiye na doa na nilipouliza wa nini hakujibu, nikamblok. Kwa mweusi hilo msiliache, mjue anakwenda kwa nani. Masharti yangu yalikuwa machache, dawa ya minyoo iendelee, akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa (na paka wanaugua, na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja bure), afungwe kizazi mapema kwa sababu paka jike anaweza kubeba mimba hata ana miezi minne, asipewe paracetamol hata chembe akiumwa, inaua paka, na vitunguu visiwekwe kwenye chakula chake. Na picha nitumiwe. Zinakuja mpaka leo, wiki iliyopita Wino kalala juu ya madaftari ya kusahihisha, mwenyewe ni mwalimu.

Kaniki nimebaki naye. Kopo moja la maziwa ya unga lipo halijafunguliwa na muda wake bado, aliyeokota vichanga hivi karibuni na yuko upande wa Mbagala aje inboksi nimpe, na bomba nitampa.